Masunzu ya Hitimana

Nilikuwa ninafundisha wasichana wa mwaka wa pili kushona vifungo wakati Kamate alipotokea mlangoni mwa darasa. Kamate ni karani wa kiwanda cha kahawa kilicho karibu na bandari ya Goma, ambako ndugu yangu mdogo, Hitimana, alikuwa akifanya kazi. Hakuvua kofia. Aliniita nje, akanisalimia, akauliza habari za masista. Kisha akasema, "Mama mwalimu, Hitimana alizaliwa mwaka gani?"

Nilimjibu kwamba alizaliwa mwaka wa 1943, wakati wa kuvuna maharage, na akabatizwa huko Rutshuru kabla ya Noeli. Nilimkumbusha kwamba nilikwisha kumwambia hayo ofisini kwake, na cheti cha ubatizo nilimwonyesha kwa mkono wangu. Nikauliza kwa nini anataka kuyajua leo.

"Ukiulizwa, sema alikuwa na kumi na minane," alisema. "Ni vizuri kwa baba yako. Mukanda wa masini umemukamata asubuhi. Hayuko tena."

Hivyo ndivyo nilivyopata habari. Kamate aliuliza umri wake kwanza, ndipo akaniambia kwamba amekufa. Nyuma yangu wasichana walikuwa wakimcheka mwenzao ambaye uzi wake ulikuwa umekatika. Nilirudi ndani nikawaambia wapige magoti na kuanza Rozari, kwa maana ulikuwa mwezi wa Rozari. Walifikiri wameadhibiwa.

Sasa mwaka umepita. Jumapili tutamwombea misa, na mama ameniomba niandike habari zake, ili ndugu zetu waliobaki Rutshuru wazisome wenyewe na wasisikilize yale yanayosemwa sokoni.

Hitimana, ambaye kwa ubatizo aliitwa Anastase, alikuwa kitinda mimba wa Habarurema na Nyirakamana, na mtoto wao wa kiume pekee. Kati yangu na yeye walikuwapo wengine waliokufa wachanga. Baba alituhamisha kutoka Rutshuru alipopata kazi ya kuvunja mawe ya barabara, akajenga Mabanga, mtaa wa Goma, wakati huo ilipokuwa mawe meusi ya volkano na nyumba moja moja. Hitimana alikulia juu ya mawe hayo pamoja na mbuzi wetu wawili. Aliogopa mbwa. Kanisani alikuwa mhudumu wa misa, na mara nyingi alipiga kengele kabla ya wakati, watu wakapiga magoti bure. Hesabu zilimshinda, lakini alijua kuiga watu. Aliiga kikohozi cha padri, aliniiga mimi ninavyoshika chaki, na zaidi ya wote alimwiga Nsabimana, kapita aliyesimamia wafanyakazi wa kiwanda, ambaye viatu vyake vilimbana na akatembea kama mtu anayekanyaga makaa.

Huyo Nsabimana ndiye aliyemchukua. Alikuwa mtu wa kilima chetu cha Rutshuru, na baba alimpokea kama ndugu.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe. Katika kiwanda kile kuna mashini kubwa ya kutoa maganda ya kahawa, nayo inazungushwa na mikanda mipana ya ngozi. Maganda yanaanguka chini ya mikanda, na yasipofagiliwa mashini inasongwa. Kuisimamisha kila mara ni hasara kwa Bwana, Mzungu mwenye kiwanda. Kwa hiyo alitaka watu wa kufagia chini yake huku inazunguka. Mtu mzima hapiti pale; anayepita ni mtoto. Lakini sheria ya kazi inakataza kabisa mtoto kuwekwa penye mashini ya mikanda, na mkataba wa kazi, ile kontra, ukiwa wa mtoto si kontra kama baba yake hakuweka mkono. Basi Bwana alihitaji watu wenye mwili wa mtoto na karatasi za mtu mzima, na Nsabimana alijua namna ya kuwapata.

Alikuja nyumbani baada ya Pasaka na kibuyu cha pombe ya ndizi. Hakusema neno juu ya mashini. Alimtazama Hitimana akipita na mbuzi, akamwambia baba, "Muzee, huyu kijana bado unamunyoa upara kama mutoto wa kunyonya? Wewe kwa umri wake ulikuwa na masunzu. Au ukoo wenu umesahau?"

Kwetu masunzu ni nywele zinazonyolewa kwa ustadi, zikaachwa matuta yaliyopinda kama mwezi mwandamo, moja juu ya jingine. Mtoto hawekewi. Ni nywele za kijana ambaye amefikia kuoa, na ukimwona nayo unamsalimu kwa namna nyingine. Siku hizi vijana wa misioni hawayapendi, lakini baba yangu ni mtu wa zamani aliyebatizwa akiwa na mvi. Maneno ya Nsabimana yalimwingia. Alikuwa na mwana mmoja, na mtu mwenye shati jeupe alikuwa amemwambia kwamba mwana huyo amekuwa mwanaume.

Alimnyoa mwenyewe Jumapili baada ya misa, kwa wembe wake, mbele ya mlango. Majirani walikuja kutazama. Mama alisema kichwa kile bado kinanuka maziwa, lakini alisema akicheka, na yeye pia alileta siagi ya kupaka. Hitimana alikaa bila kujitikisa. Alipoinuka alitembea polepole hadi kwa mbuzi na kurudi, akiwa ameshika shingo wima kama mtu aliyebeba mtungi, na watoto wenzake walimfuata bila kuthubutu kumgusa.

Jumatatu Nsabimana alimpeleka kiwandani. Kontra ilisomwa kwa Kifaransa, na Hitimana aliweka kidole gumba mwenyewe. Baba hakuitwa. Hilo nalo alilipokea kama heshima: mwanawe ameweka mkono wake, hakushikwa na mtu.

Mimi nilikuwa ninakaa kwenye nyumba ya walimu wa kike kwa masista, na nilifika nyumbani Jumapili tu. Nilipomwona na masunzu nilidhani ni mchezo. Kisha akanieleza, kwa kuiga, jinsi inspekteri wa kazi alivyokuja kutoka Bukavu. Hitimana alisimama katikati ya nyumba yetu, akatoa tumbo nje, akaweka mikono nyuma. Inspekteri aliwapanga wafagiaji mstari, akamtazama yeye kwa muda, akauliza, "Huyu si mtoto?" Nsabimana akaenda mbele kwa viatu vyake, tik, tik, tik, akasema, "Bwana, kwao mutoto hana masunzu. Gusa mwenyewe." Inspekteri aligusa. Alifurahi sana. Alimwambia mwenye kiwanda kwamba kwa watu hawa nywele ndiyo cheti cha kuzaliwa, na kwamba amelisoma jambo hilo zamani. Wakaenda kunywa kahawa.

Tulicheka sote. Baba alicheka hadi akafuta macho. Nilikuwa wa kwanza kunyamaza, kwa sababu nilijua ile sheria ya kazi ya watoto. Tulifundishwa katika shule ya walimu, ili tujue kuwatetea watoto wa madarasa yetu. Kesho yake nilienda kwa Kamate na cheti cha ubatizo. Alikisoma pande zote mbili, akanirudishia kwa heshima.

"Hii ni ya Mungu, mama mwalimu," alisema. "Sisi tunafuata ya serikali, na serikali imekwisha kugusa kichwa."

Nilimwuliza inspekteri atarudi lini. Akasema labda kiangazi kijacho. Nilimwandikia huko Bukavu. Sikupata jibu.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Hitimana hakumwiga mtu. Alikaa karibu nami, akanionyesha mkono wa shati lake. Mkanda ulikuwa umelidaka, na shati kwa kuwa lilikuwa chakavu lilichanika, naye akabaki salama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi la maganda. Alisema kwa sauti ndogo ili baba asisikie, akiniita kama tunavyowaita dada wakubwa, "Yaya, sitaki kuwa mukubwa tena. Mwambie baba aninyoe."

Nilimwambia baba, naye hakubisha. Alimwita ndani, akalitazama lile shati, akasema abaki nyumbani. Lakini hakumnyoa siku ile, kwa sababu giza lilikuwa limeingia na hakutaka kumkata.

Asubuhi, Hitimana alipokosekana kazini, Nsabimana alifika na polisi. Mambo haya nilisimuliwa na mama. Nsabimana hakumkasirikia mtu, alikuwa mchangamfu. Aliuliza kama mwanaume mwenye masunzu anajificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Halafu akaeleza kwamba mkubwa akitoroka kontra anafungwa, na kwamba gerezani kuna watu ambao wangempenda sana kijana mwenye nywele nzuri kama zile. Polisi alicheka. Hitimana alikuwa ameshika mguu wa kitanda. Baba alifikiri gereza ni baya kuliko kazi. Alimtoa kitandani, akamshika mkono, akampeleka kiwandani yeye mwenyewe, wakapita katikati ya Mabanga, na njiani Hitimana alimwomba amwachie mkono ili watu wasimwone anaongozwa kama mtoto. Baba alimwachia. Juma hilohilo mkanda ulimchukua.

Nilipotoka darasani siku ile nilipitia chumbani kwangu, nikachukua cheti cha ubatizo, nikaenda kiwandani. Nilifikiri kwamba sasa, angalau sasa, watakisoma.

Hitimana alikuwa amefungiwa katika ghala la magunia, na mlango ulikuwa na kufuli. Baba alikuwa amesimama ofisini, kofia mkononi, mbele ya meza ya Bwana. Nsabimana alisimama kando, na Kamate alikuwa amekaa na kalamu. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha andikwa. Ilisema kwamba Habarurema anakiri mwanawe alikuwa na miaka kumi na minane, na kwamba alikwenda chini ya mikanda kwa mapenzi yake mwenyewe. Baba alikuwa ameombwa aweke kidole.

Niliweka cheti juu ya karatasi ile. Bwana alikitazama, akaniuliza kama mimi ndiye dada, kisha akamgeukia baba kwa Kiswahili chake cha kuamuru.

"Wewe, nani alimunyoa ile nywele?"

"Ni mimi, Bwana."

"Basi sikia. Kama alikuwa mutoto, ni wewe ulidanganya inspekteri. Ulivalisha mutoto nywele ya mukubwa, ukauza mutoto. Sheria ya watoto ni kali, na gereza utaingia wewe. Kama alikuwa mukubwa, ni ajali, na unamuchukua sasa hivi. Chagua."

Sheria iliyowekwa kumlinda ndugu yangu, hiyo ndiyo niliyoiona ikitumika kwa mara ya kwanza. Ilitumika juu ya baba.

Niliongea kwa Kifaransa ili asijifanye kwamba hakuelewa. Nilimwambia kwamba yeye anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba Hitimana alikuwa mtoto, kwa maana mkubwa haingii chini ya mkanda wake, na ndiyo sababu aliwatafuta watoto. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema ninasema Kifaransa vizuri, kwamba masista wamefanya kazi nzuri. Halafu akaangalia saa.

Baba aliuliza neno moja tu. "Na nikikataa?"

Ni Nsabimana aliyejibu, kwa Kinyarwanda, kwa upole, kama mtu anayemsaidia jirani. Alisema wafungwa watamzika kesho na mapema, na baba hataonyeshwa mahali.

Nilimshika baba mkono. Nilimwambia asiweke, kwamba nitaenda kwa padri, kwamba tutaenda hadi Bukavu. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyajua. "Donatille," alisema, "mama yako anamungoja." Akachovya kidole katika wino, akaweka pale Kamate alipomwonyesha. Kamate alipuliza wino ukauke. Mimi simlaumu baba, na ninaomba ndugu zangu wa Rutshuru wasimlaumu. Walimwekea mwanawe nyuma ya mlango na kidole chake kikawa ndio ufunguo.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda haraka na kwa utaratibu. Kontra ilisema kwamba mfanyakazi mkubwa akifa kazini anapewa blanketi na sanduku. Walileta blanketi jipya la kijivu. Walileta sanduku la mbao, refu, la kipimo cha mkubwa, kwa maana yalikuwa yametengenezwa mengi pamoja na kuwekwa tayari. Nsabimana alipiga kifuniko kwa kiganja. "Unaona, muzee," alimwambia baba. "Mutoto hapewi sanduku."

Nyumbani mama hakuuliza juu ya karatasi. Aliwatoa watu nje, tukabaki mimi na yeye na jirani yetu Pascasie, tukamwosha. Mkono wa kuume na kifua sitaviandika. Uso ulikuwa mzima. Mama alichukua wembe wa baba akayanyoa yale masunzu, tuta moja baada ya jingine, akakusanya nywele zote katika kitambaa. Alipomaliza, kichwa kilikuwa kidogo sana. Pascasie alitoka nje na sikumwona tena hadi jioni.

Katika mji wetu kaburi halichimbwi, linavunjwa. Udongo ni kiganja kimoja, chini yake ni jiwe la moto wa zamani, na watu wanalipiga kwa mitaimbo. Kwa hiyo tangu habari zilipofika Mabanga, kabla baba hajarudi kutoka ofisini, majirani walikuwa wamekwisha kuanza. Walifanya kama tunavyofanya siku zote: walichukua mkeka aliolalia marehemu, wakaulaza juu ya jiwe, wakachora kando yake kwa chokaa. Mkeka wa Hitimana mama aliusuka wakati alipoacha kulala mkeka mmoja nami. Walivunja jiwe kwa kipimo hicho, hadi mikono ikatoka malengelenge, wakarudi asubuhi kumalizia.

Tulimpeleka baada ya misa. Wanaume walibeba sanduku, na njia ya Mabanga ina mabonde na mawe. Kila waliposhuka, tulisikia anateleza ndani kuelekea miguuni, na kila walipopanda, anarudi. Mama alitembea nyuma ya sanduku na hakuinua kichwa. Padri alianza wimbo, na sisi tuliokuwa karibu tuliimba kwa nguvu kupita desturi, ili tusisikie.

Penye kaburi walishusha sanduku kwa kamba, likakwama. Lilikuwa limezidi shimo kwa urefu wa mkono. Waligeuza kichwa na miguu, wakajaribu kwa upande, halikuingia. Wachimbaji walitazamana. Mmoja alisema jiwe linaweza kuvunjwa tena, lakini itachukua mpaka jioni. Watu wote walimtazama baba, kwa maana ni yeye wa kuamua, naye alitazama kidole chake ambacho bado kilikuwa na wino.

Mama alisema, "Mutoeni. Shimo ni lake. Sanduku si lake."

Padri aliinamisha kichwa kukubali. Walifungua kifuniko, wakamtoa. Mama aliondoa lile blanketi la kiwanda na kuliweka pembeni juu ya mawe, akamfunga katika mkeka wake. Baba aliingia shimoni kumpokea. Akiwa mle ndani alitia mkono mfukoni akatoa kipande cha kaa. Kwetu mwanaume aliyefikia kuoa, akifa bila mke wala mtoto, anazikwa na kaa lililozimika, kwa sababu moto wake haukuacha cheche. Baba alikuwa ameweka kidole kwamba mwanawe ni mwanaume, na alidhani sasa ni lazima amtendee hivyo hadi mwisho.

"Habarurema," mama alimwita kwa jina, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya. "Huyu ni mutoto."

 Baba alilirudisha kaa mfukoni, akainua mikono, na wanaume wakamshushia Hitimana katika mkeka. Alienea vizuri, hakubaki nafasi kichwani wala miguuni. Mama alimkabidhi kile kitambaa cha nywele, baba akakiweka miguuni, mbali na kichwa. Kisha wakamvuta kutoka shimoni kwa mikono yote miwili.

Padri alinyunyiza maji ya baraka na kusoma sala. Tukasali Baba Yetu. Mpaka leo nikifika penye kusamehe ninasimama kidogo, na Mungu ananijua. Tulitupia kila mmoja kokoto nyeusi, mama kwanza, halafu baba, halafu mimi, halafu wasichana wa darasa langu ambao masista waliwaruhusu kuja. Wachimbaji walijaza mawe. Msalaba uliandikwa Anastase Hitimana, 1943–1956, na baba, ambaye hajui kusoma, aliniomba nimwonyeshe zile namba kwa kidole.

Tulipokuwa tunanawa mikono walikuja watu wawili waliotumwa na Nsabimana kuchukua sanduku, kwa kuwa alikwisha kusikia kwamba halikutumika. Walitusalimu, wakalichukua pamoja na blanketi. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama akiwa katikati yetu.